Hifadhidata imegoma kwenye laptopu? Soma dalili kabla ya kufuta chochote

Mwanafunzi wa Kampala mwenye mradi wa mwisho wa mwaka, karani wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya waendesha bodaboda Mbale, na mwenye duka la jumla Kikuubo aliyechoshwa na madaftari, wote huishia kwenye tatizo lilelile. Wameweka kwenye laptopu MySQL, ambayo ni seva ya hifadhidata, au XAMPP, kifurushi chenye seva ya namna hiyo ndani yake, imefanya kazi vizuri, kisha asubuhi moja inakataa kuwaka. Kinachofuata mara nyingi ni kuondoa programu yote na kuisakinisha upya. Nakusihi usifanye hivyo. Kwa mtumiaji wa XAMPP, data yote imo ndani ya `C:\xampp\mysql\data`. Ukifuta folda ya xampp, umefuta na michango ya wanachama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kujaribu dawa yoyote kati ya hizi: hakikisha seva imezimwa, kisha nakili folda nzima ya `data` uiweke mahali pengine, kwenye diski ya nje kama unayo. MySQL iliyosakinishwa peke yake huweka data yake `C:\ProgramData\MySQL\MySQL Server 8.0\Data`. Folda ya ProgramData hufichwa na Windows, hivyo andika njia hiyo moja kwa moja kwenye upau wa anwani wa kidirisha cha mafaili.

Jambo la pili ni kujua tatizo liko ngazi gani. Hifadhidata ya kimahusiano, yaani yenye majedwali yanayohusiana, kwenye kompyuta ni seva inayoendelea kufanya kazi nyuma ya pazia. Programu yako, iwe phpMyAdmin au Workbench (za kusimamia hifadhidata), au msimbo wako wa PHP, ni mteja anayeiendea kupitia poti, yaani mlango wenye namba, akijitambulisha kwa jina na nenosiri. Basi jiulize kwa mpangilio: seva imewaka? Mteja amekwenda kwenye poti sahihi? Ametambuliwa? Haya matatu yakiwa sawa, kosa limo ndani ya majedwali yenyewe. Ujumbe wa kosa karibu kila mara unakuambia uko wapi, na namba iliyo mbele yake ina thamani kuliko maneno yanayofuata.

Usakinishaji wenyewe haufiki mwisho

Kwanza tazama faili ulilopakua. MySQL kwa Windows imekuwa ikitolewa kwa namna mbili: kisakinishi kidogo cha megabaiti chache, ambacho huendelea kuvuta vipande vingine kutoka intaneti wakati wa kusakinisha, na kile kizima chenye kila kitu. Kama unatumia kifurushi cha data cha simu, chukua kizima, tena ukiwa mahali penye Wi-Fi ya kuaminika. Kile kidogo hukatikia njiani bando likiisha, na kukuachia usakinishaji nusunusu ambao ni mgumu kuusafisha.

Ukishuku faili limepakuliwa pungufu, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike:

`certutil -hashfile jina_la_faili.msi MD5`

Linganisha herufi utakazopata na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Zikitofautiana hata moja, faili limeharibika, lipakue tena.

Baadhi ya laptopu za mtumba zinazouzwa mjini bado zina Windows ya biti 32, hata pale ambapo prosesa yake inaweza biti 64. Seva ya MySQL 8 ya Windows ni ya biti 64 pekee, na PostgreSQL, seva nyingine ya hifadhidata, nayo, kwa kisakinishi cha kawaida cha Windows, iliacha biti 32 kuanzia toleo la 11. Bofya kulia kwenye alama ya kompyuta, fungua sifa zake, utaona aina ya mfumo. Kama ni biti 32, hakuna ujanja wa kusakinisha utakaosaidia: badilisha Windows, au weka Linux.

Ujumbe unaosema kwamba `VCRUNTIME140_1.dll` haipo si kosa la MySQL. Kinachokosekana ni maktaba ya Visual C++ ya Microsoft. Isakinishe kutoka kwa Microsoft wenyewe, washa kompyuta upya, endelea. Usipakue faili hilo moja la dll kutoka tovuti zinazogawa dll za bure. Ndiko virusi vinakoingilia.

XAMPP inaandika: MySQL shutdown unexpectedly

Hapa ndipo pana kazi, kwa sababu ujumbe huu mmoja hubeba angalau visa viwili tofauti kabisa, na dawa ya kimoja haifai kwa kingine. Usikisie. Bonyeza kitufe cha Logs kwenye mstari wa MySQL, au fungua `C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log`, uende hadi mwisho kabisa. Mistari ya mwisho ndiyo ya leo. Ya juu ni historia.

Kisa cha kwanza ni poti. MySQL na MariaDB zote hutumia poti 3306 kwa kawaida. XAMPP, ingawa kitufe chake kimeandikwa MySQL, kwa kweli hubeba MariaDB, seva iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009 kwa uongozi wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL yenyewe. Ukiwa umesakinisha MySQL peke yake kwa ajili ya somo moja, kisha XAMPP kwa ajili ya somo lingine, seva mbili zinagombea poti moja, na iliyowaka kwanza ndiyo inayoshika. Hakiki hivi:

`netstat -ano | findstr :3306`

Namba ya mwisho kwenye mstari utakaotokea ni kitambulisho cha programu iliyoshika poti. Tuseme ni 5120:

`tasklist /fi "pid eq 5120"`

Ukiona `mysqld.exe` wakati XAMPP yako imezimwa, basi ni ile MySQL nyingine. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `net stop MySQL80`. Ukijibiwa `System error 5`, maana yake hukulifungua kama msimamizi. Baadaye ingia `services.msc`, tafuta MySQL80, uiwekee kuwaka kwa mkono badala ya kujiwasha kila Windows inapoamka.

Unaweza pia kuziacha zote mbili kwa kuihamishia XAMPP poti 3307. Katika `C:\xampp\mysql\bin\my.ini` badilisha mstari wa `port` katika sehemu mbili, ya `[client]` na ya `[mysqld]`, kisha ndani ya `config.inc.php` ya phpMyAdmin andika mwenyeji (`host`) kuwa `127.0.0.1:3307`. Wengi hubadilisha sehemu moja wakasahau nyingine, kisha wanashangaa. Ushauri wangu kwa laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4: chagua seva moja, nyingine izime.

Kisa cha pili ni umeme. Umeme unakatika, betri ya laptopu ya mtumba haishiki hata dakika, mashine inazima wakati seva inaandika. Majedwali ya aina ya InnoDB yametengenezwa kuhimili hilo: kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la kumbukumbu, na seva ikiwaka tena hujirekebisha yenyewe. Lakini ndani ya MariaDB, majedwali ya mfumo, yale yanayotunza watumiaji na ruhusa, ni ya aina nyingine iitwayo Aria, na hayo ndiyo huanguka mara kwa mara. Mwishoni mwa faili la makosa utakuta:

`Aria recovery failed. Please run aria_chk -r on all Aria tables and delete all aria_log.######## files`

Ujumbe huu umeshakupa dawa, ifuate. Seva ikiwa imezimwa, ingia `C:\xampp\mysql\data\mysql` na urekebishe kila faili linaloishia na `.MAI`, kwa mfano:

`C:\xampp\mysql\bin\aria_chk -r db.MAI`

Kisha rudi kwenye folda ya `data`, uhamishe faili la `aria_log.00000001` na ndugu zake wenye namba kama hizo. Nasema uhamishe, usifute: liweke kwenye folda ya pembeni mpaka uone seva imewaka.

Ikishindikana, XAMPP ina folda ya `backup` ndani ya `C:\xampp\mysql`, yenye majedwali ya mfumo yakiwa mapya. Badilisha jina la `data` liwe `data_zamani`. Nakili `backup`, na nakala hiyo uipe jina `data`. Kutoka `data_zamani` chukua folda za hifadhidata zako mwenyewe tu, pamoja na faili `ibdata1`, uziweke ndani ya `data` mpya. Folda za `mysql`, `performance_schema` na `phpmyadmin` za zamani ziache zilipo. Watu husahau `ibdata1`, kisha phpMyAdmin inaonyesha majina ya majedwali lakini ukilifungua jedwali inasema halipo. Na kwa kuwa majedwali ya mfumo ni mapya, watumiaji na manenosiri uliyokuwa umeweka yamepotea, utayaunda tena.

Kama mistari ya mwisho inalalamikia InnoDB yenyewe, na seva haiwaki kabisa, ongeza mstari huu chini ya `[mysqld]` katika `my.ini`:

`innodb_force_recovery = 1`

Washa seva. Ikikubali, toa data yako yote mara moja kwa `mysqldump`, amri ya kutoa nakala, kisha ondoa mstari huo. Ikikataa jaribu 2, halafu 3. Kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu mafaili moja kwa moja, kwa hiyo usifike huko kama huna nakala ya folda ya `data` pembeni.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba: zima MySQL kwa kitufe cha Stop kabla ya kuzima laptopu, na usiweke folda ya data kwenye flashi inayochomolewa ovyo.

Kosa 2003 au 2002: mteja haioni seva

`Can't connect to MySQL server on 'localhost' (10061)` maana yake mteja amefika, hakuna aliyefungua. Seva imezimwa, au iko kwenye poti nyingine. Hakuna nenosiri litakalosaidia hapa, kwa hiyo usiguse manenosiri. Angalia kama seva imewaka, halafu angalia poti. Kwenye Ubuntu utaona 2002 ikitaja faili la soketi. Andika `sudo systemctl status mysql`, au `mariadb` kama ndiyo uliyonayo, na kama imelala `sudo systemctl start mysql`.

Kompyuta ya pili ya ofisi inapotaka kuingia kupitia mtandao wa ndani, mambo hubadilika kidogo. Kosa 1130, linalosema mwenyeji (kompyuta) wako haruhusiwi, linamaanisha seva imekuona lakini hakuna mtumiaji aliyesajiliwa kutoka anwani yako. Akaunti ya `'karani'@'localhost'` haimhusu karani aliye kwenye mashine nyingine. Ukikwama bila jibu lolote, mshuku ukuta wa ulinzi wa Windows, au mstari wa `bind-address` katika mpangilio wa seva.

Kosa 1045: seva imekuona, haikutambui

Soma ujumbe mpaka mwisho. Ukiona `using password: NO`, mteja wako hakutuma nenosiri lolote, pengine mstari wake ndani ya msimbo umebaki mtupu. Ukiona `using password: YES`, limetumwa ila si lenyewe. Kwenye XAMPP mpya, `root` hana nenosiri, kwa hiyo ukinakili msimbo wa mwenzako ulioandikwa nenosiri utapata YES hiyohiyo.

Kwenye Ubuntu mambo ni tofauti. Huko utakutana na kosa 1698, kwa sababu `root` wa hifadhidata hutambuliwa kwa akaunti ya mfumo. Ingia kwa `sudo mysql`, kisha unda mtumiaji wa kazi zako:

```
CREATE USER 'karani'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri_refu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON sacco.* TO 'karani'@'localhost';
```

Nenosiri la `root` likisahaulika kabisa kwenye Windows, halirejeshwi, hubadilishwa. Zima huduma. Andika mstari huu kwenye faili `C:\mysql-init.txt`:

`ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri_jipya';`

Kisha, katika dirisha la amri la msimamizi, ukiwa ndani ya folda ya `bin` ya MySQL:

`mysqld --defaults-file="C:\\ProgramData\\MySQL\\MySQL Server 8.0\\my.ini" --init-file=C:\\mysql-init.txt`

Ukishaweza kuingia kwa nenosiri jipya, simamisha seva hiyo, futa lile faili la maandishi, uwashe huduma kwa njia ya kawaida.

Programu za zamani zikiunganishwa na MySQL 8 hutoa kosa 2059 likitaja `caching_sha2_password`. Tangu toleo la 8.0, lililotoka 2018, MySQL hutambua watumiaji kwa mbinu mpya, na mteja wa zamani haijui. Sasisha mteja. Mtandaoni utaona ushauri wa kumrudisha mtumiaji kwenye `mysql_native_password`. Mbinu hiyo imeondolewa kabisa katika MySQL 9.0, hivyo unajiwekea deni.

Kwa SACCO, shule au zahanati, `root` asiye na nenosiri ni hatari ya kweli. Ukishaanza kuhifadhi namba za vitambulisho vya taifa na simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inakuhusu, hata kama data yote iko kwenye laptopu moja iliyofungiwa kabatini. Mpe `root` nenosiri siku ya kwanza.

Java inakataa kwa sababu ya saa

Hili linawapata sana watu wa ukanda wetu:

`The server time zone value 'E. Africa Standard Time' is unrecognized or represents more than one time zone`

Windows iliyowekewa saa za Afrika Mashariki huita kanda yetu jina hilo, na kiunganishi cha Java cha MySQL hakilielewi. Hakuna kilichoharibika. Mwishoni mwa anwani ya muunganisho ongeza `?serverTimezone=Africa/Kampala`, au kwenye `my.ini`, chini ya `[mysqld]`, andika `default-time-zone='+03:00'`. Hatubadilishi saa kwa misimu, kwa hiyo namba hiyo itabaki sahihi mwaka mzima.

Mkiwa na makarani wanaoingiza saa kwa mkono, kubalianeni mapema. Anayeandika saa mbili asubuhi kama `02:00` ameandika saa nane usiku, na hifadhidata haitamkosoa.

Kila kitu kinawaka, lakini data si sahihi

Makosa ya aina hii ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana mengine hayatoi ujumbe wowote. Seva inayokataa kuwaka inakusumbua asubuhi moja. Jedwali lililoundwa vibaya hukudanganya mpaka mkutano mkuu wa wanachama.

Namba za simu. Mtu huona tarakimu akachagua INT, aina ya safu ya namba nzima. Akiingiza namba inayoanza na 0772, sifuri ya mbele inapotea. Akijirekebisha kwa kuanza na 256, anagonga ukuta mwingine: INT inaishia 2,147,483,647, na namba ya simu yetu yenye 256 ina tarakimu 12. Seva kali itasema `ERROR 1264 Out of range value`. Seva isiyo kali itahifadhi 2147483647 kwa kila mwanachama, na utajikuta na SACCO ambayo watu wote wana simu moja. Angalia kwa `SELECT @@sql_mode;`. Kama `STRICT_TRANS_TABLES` haimo, iongeze kwenye mstari wa `sql_mode` katika `my.ini`. Ni afadhali seva ikatae kuliko ikubali uongo. Simu ni maandishi: `VARCHAR(15)`. Namba ya kitambulisho cha taifa nayo ina herufi na tarakimu, jumla 14, kwa hiyo `CHAR(14)`.

Fedha. Usitumie FLOAT, aina ya namba za kukadiria, kwa shilingi, kamwe. FLOAT hutunza namba nzima kwa uhakika mpaka 16,777,216 tu, na kwa shilingi ya Uganda hicho si kiasi cha ajabu. Mikopo michache inakifikia. Ukiweka 25,450,351 kwenye safu ya FLOAT, MySQL itakuonyesha 25450400, nawe utatafuta shilingi hizo kwenye risiti usiku kucha. Tumia `DECIMAL(15,2)` ukikokotoa riba, au `DECIMAL(15,0)` kwa shilingi kamili. INT inaweza kutosha kwa muamala mmoja, lakini jumla za chama kikubwa hupita bilioni 2.

Tarehe zinazotoka Excel huja kama 25/12/2024, na MySQL inataka 2024-12-25. Ukiwa na bahati utapata kosa 1292. Tarehe ya mwaka wa tarakimu mbili ni mbaya zaidi: '10/11/12' husomwa kimya kimya kuwa 2010-11-12, yaani namba ya kwanza ndiyo mwaka. Wakati wa kuingiza, eleza umbo lake waziwazi: `STR_TO_DATE('25/12/2024', '%d/%m/%Y')`.

Majina ya Kiganda yenye ŋ, kama ukoo wa Ŋŋaali, yakigeuka alama za kuuliza, jedwali lako ni la `latin1`, seti ya herufi ambayo haina herufi hiyo. MySQL ilianza kutumia `utf8mb4` kama chaguo-msingi katika 8.0, majedwali ya kabla ya hapo mengi ni `latin1`. Tazama kwa `SHOW CREATE TABLE wanachama;` kisha:

`ALTER TABLE wanachama CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;`

Muunganisho nao lazima useme lugha hiyohiyo; kwa PHP ni `mysqli_set_charset($c, 'utf8mb4');`. Kilichokwisha kuwa alama ya kuuliza hakirudi. Itabidi ukiandike upya kutoka fomu za karatasi.

Halafu kuna ng'. Mfugaji wa Kiruhura anaandika aina ya mnyama na seva inajibu `ERROR 1064`, ikilalamika karibu na `ombe`. Alama ya king'ong'o imesomwa kama mwisho wa maandishi. Kwa mkono, irudie mara mbili: `'ng''ombe'`. Ndani ya programu usiunganishe maneno na amri kabisa; tumia kauli zilizoandaliwa (prepared statements), zenye alama ya `?` mahali pa thamani. Zinatibu ng'ombe, na zinamfungia mlango mtu mwenye nia mbaya anayeingiza amri zake kupitia fomu yako. Kuna na mtego mdogo: maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word huwa na alama iliyopinda, ’, ambayo kwa hifadhidata ni herufi tofauti kabisa. Ukitafuta ng'ombe hutampata ng’ombe. Geuza zote ziwe aina moja kabla ya kuhifadhi.

Majedwali yanakataa kuunganishwa

Ufunguo wa nje ndio unaoifanya hifadhidata iwe ya kimahusiano: mkopo hauwezi kuwapo bila mwanachama. Kosa 1452 linasema unajaribu kuingiza mkopo wa mwanachama asiyekuwapo. Mara nyingi ni mpangilio tu, umeingiza mikopo kabla ya wanachama. Geuza.

Ufunguo wenyewe ukikataa kuundwa, kwa `errno: 150` kwenye MariaDB au kosa 3780 kwenye MySQL 8, linganisha safu mbili hizo neno kwa neno. `INT` na `INT UNSIGNED` hazioani. Jedwali mama likiwa la aina ya MyISAM badala ya InnoDB, halitakubali pia. Maelezo kamili yako ndani ya `SHOW ENGINE INNODB STATUS;`, chini ya kichwa LATEST FOREIGN KEY ERROR.

Utashauriwa kuandika `SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0;` ili mambo yapite. Yatapita, na ukirudisha 1 seva haitarudi nyuma kukagua kilichoingia. Ukirithi hifadhidata iliyofanyiwa hivyo, tafuta mikopo yatima, isiyo na mwanachama:

```
SELECT m.id FROM mikopo m
LEFT JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE w.id IS NULL;
```

Nakala ya akiba ipo, lakini hairudi

Nakala hutolewa hivi:

`mysqldump -u root -p --result-file=sacco.sql sacco`

Nimeweka `--result-file` makusudi. Alama ya `>` ndani ya PowerShell ya Windows huandika faili kwa mfumo wa UTF-16, na faili hilo MySQL haitalisoma wakati wa kurejesha. Hutagundua mpaka siku unayolihitaji.

Ukihamisha kutoka MySQL 8 ya maabara ya chuo kwenda XAMPP ya nyumbani, utakutana na `Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'`. MariaDB iliyomo ndani ya XAMPP haina mpangilio huo. Fungua faili la sql kwenye kihariri, badilisha kila penye jina hilo liwe `utf8mb4_unicode_ci`, uhifadhi kama UTF-8.

Faili likiwa kubwa, phpMyAdmin hulikataa kwa kikomo cha PHP cha kupakia. Liingize kwa dirisha la amri, si PowerShell, maana hiyo haiikubali alama ya `<`:

`mysql -u root -p sacco < sacco.sql`

Likikatika katikati kwa `MySQL server has gone away`, ongeza `max_allowed_packet` hadi `64M` chini ya `[mysqld]`, uwashe seva upya, urudie. Fanya majaribio haya kwenye hifadhidata tupu yenye jina lingine, tuseme `sacco_jaribio`, kisha linganisha idadi ya mistari ya kila jedwali kwa `SELECT COUNT(*)` pande zote mbili.